Amri na Utii katika Maisha ya Kâzım Dirik, Jemadari na Liwali wa Uturuki (1881–1941)

Utangulizi

Neno liwali liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Kwa wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki lilimaanisha mtu aliyeteuliwa na Sultani, na baadaye na serikali ya kikoloni, ili autawale mji au wilaya kwa niaba ya mamlaka hiyo. Kituruki nacho kililichukua neno hilo kutoka chanzo kilekile na kulitamka vali, na mpaka leo ndilo jina la mkuu wa mkoa katika Jamhuri ya Uturuki. Katika lugha zote mbili kiini cha maana ni kimoja: liwali hachaguliwi na wale anaowatawala. Yeye huteuliwa kutoka juu, hujibu kwa walio juu, na huwafikishia walio chini amri asiyoitunga yeye.

Makala haya yanaeleza maisha ya Kâzım Dirik, ofisa wa jeshi la Dola ya Uthmaniya aliyepanda hadi cheo cha jemadari, kisha akawa liwali wa mkoa wa Izmir kwa takriban miaka kumi na hatimaye Mkaguzi Mkuu wa Thrace. Wanaomkumbuka kwa wema humtaja kama mjenzi wa barabara, shule na vijiji. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi kumweleza. Inadhihirika katika mwenendo wa maisha yake kwamba nguvu zake za ujenzi na udhaifu wake wa kisiasa vilitoka katika shina moja, nalo ni tabia ya mwanajeshi ya kuamini kuwa jambo jema huanza kwa amri iliyo halali na hukamilika kwa utii.

Ofisa wa dola iliyokuwa ikiporomoka

Kâzım alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Manastır, ambao leo huitwa Bitola na umo katika nchi ya Makedonia Kaskazini. Wakati ule Manastır ulikuwa mji mkubwa wa kijeshi wa Dola ya Uthmaniya katika Balkani. Ulikuwa na shule ya sekondari ya kijeshi, na humo ndimo alimosoma pia Mustafa Kemal, kijana wa Salonika aliyezaliwa mwaka huohuo na ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri. Watoto wa kizazi hicho walikua wakisikia habari za maasi na majimbo yanayojitenga. Vita vya Balkani vya mwaka 1912 na 1913 vilipokwisha, Manastır yenyewe haikuwa tena chini ya Uthmaniya. Hivyo Kâzım alikuwa mmoja wa maofisa wengi waliotumikia dola ambayo tayari ilikuwa imekwisha kuupoteza mji wao wa kuzaliwa.

Hali hiyo iliacha athari katika fikra zao. Kwa mtu aliyepoteza nyumbani, jeshi liligeuka kuwa nyumba. Cheo, mfululizo wa maagizo na utaratibu wa ofisi vilikuwa ndivyo vitu pekee vilivyobaki imara. Kâzım alipitia ngazi za jeshi hilo hadi kufikia cheo cha kanali na kupata ujuzi wa ofisa mnadhimu, yaani yule anayepanga safari za vikosi, chakula, silaha na ramani. Kazi ya mnadhimu si kuongoza mashambulizi. Ni kuhakikisha kwamba kila kitu kiko mahali pake kwa wakati wake. Stadi hiyo ndiyo aliyoipeleka baadaye katika utawala wa raia.

Uamuzi wa Erzurum, 1919

Dola ya Uthmaniya ilishindwa katika Vita Kuu ya Kwanza na kutia saini mkataba wa kusimamisha vita tarehe 30 Oktoba 1918. Mwezi Mei 1919 serikali ya Sultani ilimtuma Mustafa Kemal mashariki mwa Anatolia kuwa mkaguzi wa Jeshi la Tisa. Kâzım alikuwa mnadhimu mkuu wa ukaguzi huo. Alipanda pamoja naye meli iitwayo Bandırma iliyoondoka Istanbul tarehe 16 Mei na kutia nanga Samsun tarehe 19 Mei 1919, siku ambayo Waturuki huihesabu kuwa mwanzo wa vita vyao vya ukombozi. Kwa hiyo jina lake limo katika orodha fupi ya watu ambao taifa hilo huwaenzi kwa safari moja tu ya baharini.

Hata hivyo, wiki saba baadaye alifanya jambo ambalo waliolishuhudia hawakulisahau. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Julai 1919, mjini Erzurum, Mustafa Kemal alijiuzulu jeshini baada ya kuvutana na serikali ya Istanbul, ambayo nayo ilikuwa ikimwondoa katika kazi yake. Tangu saa hiyo alikuwa raia asiye na cheo wala askari. Kâzım alimwendea na kumweleza kwamba, kwa kuwa mkuu wake hakuwa tena mwanajeshi, yeye hakuweza kuendelea kumtumikia. Angeomba kazi kwa Kâzım Karabekir, kamanda wa Kikosi cha Kumi na Tano. Akauliza pia nyaraka za ofisi amkabidhi nani. Kwa mujibu wa kumbukumbu za wenzao, Mustafa Kemal alihuzunika sana, kwani alidhani kwamba Karabekir naye angemwacha. Lakini Karabekir alikuja, akampigia saluti, akamhakikishia kuwa yeye na kikosi chake chote wangali chini ya amri yake.

Ni rahisi kulihesabu tendo la Kâzım kuwa ni woga. Hukumu hiyo haielekei kuwa sahihi, kwani hakukimbilia Istanbul wala hakujiunga na waliowapinga wazalendo. Alibaki Anatolia, akatumikia upande wa mashariki chini ya Karabekir, na mwaka 1921 alikuwa mwakilishi wa serikali ya Ankara mjini Tbilisi. Tofauti kati yake na Karabekir ilikuwa ya namna nyingine. Karabekir alimtii mtu na lengo. Kâzım alitii cheo. Kwake yeye, mtu asiye na cheo hakuwa na haki ya kuamrisha, hata kama lengo lake lilikuwa jema.

Liwali wa Izmir na njama ya mwaka 1926

Jamhuri ilitangazwa tarehe 29 Oktoba 1923. Sasa mtu aliyewahi kuachwa Erzurum alikuwa na cheo kuliko wote, na Kâzım akawa mtumishi wake mwaminifu. Baada ya kuwa liwali wa Bitlis, mkoa wa milimani ulio mashariki, alihamishiwa Izmir mwaka 1926. Hii ilikuwa bandari kubwa ya magharibi, iliyosafirisha zabibu kavu, tini, tumbaku na pamba. Lakini ulikuwa pia mji wenye jeraha. Moto wa Septemba 1922 ulikuwa umeteketeza mitaa ya Wagiriki na Waarmenia, wenyeji wa mitaa hiyo walikuwa wameuawa au wamekimbia, na mapatano ya kubadilishana wakazi baina ya Uturuki na Ugiriki, yaliyotiwa saini Januari 1923, yalikuwa yameleta Waislamu kutoka Ugiriki waliohitaji nyumba na mashamba.

Hakuwa amekaa muda mrefu alipokabiliwa na mtihani mkubwa. Katikati ya Juni 1926 Mustafa Kemal alikuwa njiani kwenda Izmir. Kundi likiongozwa na Ziya Hurşit, aliyewahi kuwa mbunge, lilikuwa limepanga kumwua atakapopita katika mitaa ya mji. Mwenye chombo aliyetarajiwa kuwatorosha kwa bahari, aliyeitwa Şevki wa Krete, alikwenda kwa wenye mamlaka na kufichua siri. Liwali alimpelekea Rais habari kwa simu ya upepo, Rais akachelewesha safari yake, na washiriki wa njama wakakamatwa. Alifika mjini salama tarehe 16 Juni.

Yaliyofuata yalivuka mipaka ya njama yenyewe. Mahakama ya Uhuru iliketi katika jumba la sinema la Elhamra na kuwashtaki pia wanasiasa wa chama cha upinzani kilichokuwa kimefungwa mwaka uliotangulia. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwa Karabekir, yule yule kamanda ambaye Kâzım alimkimbilia mwaka 1919. Karabekir na majemadari wenzake waliachiwa huru mwezi Julai, lakini watu zaidi ya kumi walinyongwa Izmir, na wengine Ankara mwezi Agosti. Liwali hakuwa hakimu katika kesi hizo. Lakini mkoa wake ndio uliokuwa jukwaa, na tangu hapo cheo chake kilimaanisha ulinzi wa utawala kabla ya kumaanisha kitu kingine chochote.

Kazi ya ujenzi

Katika mambo ya maendeleo Kâzım Pasha, kama alivyojulikana kwa wakati huo, alikuwa hodari kupita maliwali wengi wa zama zake. Mwezi Septemba 1927 yalifunguliwa Izmir Maonyesho ya Tisa Septemba, yaliyopewa jina la siku ambayo jeshi la Uturuki liliingia mjini mwaka 1922. Wafanyabiashara wa ndani na wa nje walialikwa kuonyesha bidhaa zao katika mji ambao miaka mitano tu nyuma ulikuwa majivu. Maonyesho hayo ndiyo mzizi wa Maonyesho ya Kimataifa ya Izmir, ambayo mwaka 1936, chini ya meya Behçet Uz, yalihamia katika bustani ya Kültürpark iliyojengwa juu ya ardhi iliyoungua.

Aidha, liwali huyu alizijali athari za kale. Mwaka 1927 aliunga mkono kuundwa kwa jumuiya ya wapenzi wa mambo ya kale ya Izmir, na katika mwaka huohuo jumba la makumbusho lilifunguliwa ndani ya kanisa la Ayavukla lililobaki bila waumini. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 uchimbaji ulifanyika katika Agora, soko la mji wa kale, na huko Bergama hatua zikaanza za kupata makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1936. Kwamba mali ya watu waliofukuzwa iligeuzwa kuwa nyumba ya kuhifadhia historia ni jambo lenye pande mbili: jengo liliokolewa, lakini waliolijenga hawakuwapo kuulizwa.

Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya vijijini. Sheria ya Vijiji ya Machi 1924 ilikuwa imeweka orodha ya mambo ambayo kila kijiji kililazimika kuyafanya: kukausha madimbwi, kuleta maji safi, kujenga vyoo, kutengeneza njia, kupanda miti na kujenga shule. Mkuu wa kijiji na baraza la wazee walipewa uwezo wa kumtoza faini asiyetimiza wajibu wake. Katika mikoa mingi sheria hiyo ilibaki katika makabrasha. Izmir ilitekelezwa kwa juhudi. Liwali alizunguka vijijini, akakagua, akaagiza, kisha akarudi kuona kama aliyoyaagiza yamefanyika. Hii ilikuwa kazi ya mnadhimu iliyobadilishiwa uwanja: badala ya vikosi kulikuwa na vijiji, na badala ya ghala la risasi kulikuwa na ghala la mbegu.

Jina lake huhusishwa pia na mchoro wa kijiji bora cha Jamhuri uliotokea katika miaka ya 1930. Kijiji hicho kimepangwa kwa miduara, mmoja ndani ya mwingine. Humo mna shule, msikiti, chumba cha kusomea, nyumba ya afya, duka la ushirika na uwanja, na kila kimoja kimepangiwa nafasi yake. Kwa sehemu kubwa mpango huo ulibaki katika karatasi. Hata hivyo unafichua fikra za mwenye kuuchora. Kila jengo la lazima limo, lakini umbo la duara halina upande unaoruhusu familia kujijengea ipendavyo, wala haioneshi kwamba mkulima aliulizwa angependa kuishi wapi.

Mwaka 1930: umma unaposema

Kasoro hiyo ilionekana wazi katika mwaka wa 1930. Msukosuko wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ulikuwa umeshusha bei za zabibu, tini na tumbaku, na wakulima wa Izmir walikuwa na madeni. Mwezi Agosti 1930, kwa idhini ya Mustafa Kemal mwenyewe, rafiki yake Fethi, ambaye baadaye alichukua jina la Okyar, aliunda Chama Huru cha Jamhuri ili Bunge lipate upinzani wa kisheria. Mwanzoni mwa Septemba Fethi alikwenda Izmir.

Umati uliompokea bandarini ulikuwa mkubwa kuliko alivyotazamia yeyote. Liwali aliuona kuwa ni hatari kwa usalama, akajitahidi kumzuia Fethi asihutubie. Ghasia zilizuka, jengo la gazeti lililokitetea chama tawala lilishambuliwa kwa mawe, askari wakafyatua risasi, na mvulana mmoja akafa. Baba yake aliubeba mwili wake akauweka mbele ya Fethi. Fethi alimlalamikia Rais, na agizo likaja kutoka juu kwamba hotuba itolewe na usalama wa mhutubu ulindwe. Tarehe 7 Septemba hotuba ikatolewa mbele ya maelfu ya watu.

Katika tukio hili fumbo la Erzurum lilijirudia kwa sura nyingine. Chama cha Fethi kilikuwa halali, na mwasisi wake alikuwa na baraka za mkuu wa nchi. Lakini liwali hakuuona uhalali wowote katika umati, kwa sababu umati hauna cheo. Alihitaji amri ya juu ili awaruhusu watu wafanye jambo ambalo sheria ilikuwa imekwisha kuwaruhusu. Tena wengi wa waliojaa bandarini walikuwa watu wa mkoa wake mwenyewe, walionufaika na barabara zake. Kwamba walimkimbilia mgeni ilikuwa habari ambayo ripoti zote za ukaguzi hazikuwa zimemletea.

Upinzani haukudumu. Chama hicho kilijivunja tarehe 17 Novemba 1930. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Desemba, katika mji wa Menemen uliomo ndani ya mkoa wa Izmir, kundi lililojidai kurejesha sheria ya dini lilimwua kikatili Kubilay, ofisa kijana aliyekuwa mwalimu. Hali ya hatari ilitangazwa, mahakama ya kijeshi ikaketi, na watu zaidi ya ishirini wakanyongwa mwanzoni mwa 1931. Kwa watawala hayo yalikuwa ni uthibitisho kwamba umati haukuwa tayari kuachiwa. Kâzım Pasha alibaki katika kiti chake, na kazi ya barabara na shule ikaendelea.

Mkaguzi Mkuu wa Thrace

Sheria ya majina ya ukoo ya mwaka 1934 ilimpa jina la Dirik, neno lenye maana ya aliye hai na mwenye nguvu. Mwaka 1935 alihamishiwa Edirne kuwa Mkaguzi Mkuu wa Thrace, cheo kilichokuwa juu ya maliwali wa Edirne, Kırklareli, Tekirdağ na Çanakkale. Alipokea eneo lenye makovu. Katika kiangazi cha 1934, wakati wa mtangulizi wake, Wayahudi wa Thrace walikuwa wameshambuliwa na mali zao kuporwa, na maelfu yao walikuwa wamekimbilia Istanbul. Wakati huohuo Waislamu kutoka Romania na Bulgaria walikuwa wakiwasili, na Sheria ya Makazi ya mwaka 1934 iliitaka serikali iwape ardhi.

Hapa tabia yake ya mnadhimu ilipata nafasi pana zaidi. Kuwapokea wageni, kuwapa makazi, mbegu na ng'ombe wa kulimia, na kuhakikisha kwamba shule inafunguliwa kabla ya majira ya baridi ni kazi inayohitaji mtu wa orodha na tarehe. Dirik alihimiza vyama vya ushirika, ufugaji wa nyuki kwa njia za kisasa, maonyesho ya mifugo na ofisi za kushughulikia vijiji. Katika mwaka wa 1936 mstari kati ya serikali na chama tawala ulifutwa kabisa pale maliwali walipofanywa kuwa wenyeviti wa chama katika mikoa yao, hali iliyoendelea hadi 1939. Kwa mtu wa tabia ya Dirik hilo halikuwa geni: amri ilikuwa moja tayari, sasa ilipata mihuri miwili.

Mwisho wa maisha yake ulikuja wakati vita vimefika mlangoni. Mwezi Aprili 1941 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ugiriki na kufika mpakani mwa Thrace, na hofu ikawafanya wakazi wengi kuhama. Yale yaliyojengwa kwa miaka sita yangeweza kuteketea kwa siku chache. Tarehe 18 Juni Uturuki ilitia saini mkataba wa urafiki na Ujerumani, na siku nne baadaye Ujerumani ikaelekeza nguvu zake Urusi. Thrace ilinusurika. Dirik alifariki dunia Edirne tarehe 3 Julai 1941, akiwa bado kazini.

Hitimisho

Kâzım Dirik hakutajirika kwa utawala wala hakuongoza uasi. Alikuwa mtumishi ambaye serikali yoyote ingempenda, na jambo hilo ndilo linalofanya maisha yake yawe na funzo zito kuliko ya wengi waliong'ara zaidi. Mwaka 1919 uaminifu kwa cheo ulimfanya amwache mtu aliyekuwa akianza kuibadili historia. Mwaka 1926 uaminifu uleule uliokoa uhai wa mtu huyo. Mwaka 1930 ulimfanya awaone raia waliokuwa wakilia kwa shida zao kama adui anayekaribia ngome.

Yaliyobaki yake ni mengi. Maonyesho ya Izmir yaliendelea kupita enzi yake, na mtaa mmoja wa Bornova huitwa Kazımdirik. Vijiji alivyovitembelea vilipata maji na shule ambavyo visingevipata upesi bila msukumo wake, na hapana haja ya kulipunguza hilo. Lakini mkulima aliyejengewa barabara kwa amri hubaki bado na jambo la kusema juu ya bei ya zabibu zake. Dirik alijua namna ya kufikisha amri hadi kijiji cha mwisho. Njia ya kurudi, ambayo kwayo neno la kijiji lingemfikia liwali kabla halijageuka kuwa ghasia, hakuijenga yeye, wala waliomtuma hawakumwagiza aijenge.